Miguu Isiyosikia Breki

Jumatatu, 7 Julai 1975

Maswa na kurudi na lori la kijiji, kama juzi. Magunia ya pamba hadi juu, vumbi hadi kooni. Miguu imekufa ganzi tena, kuanzia vidoleni mpaka vifundoni. Siku zote nililaumu joto la injini. Lakini leo nimeshuka, nimekaa, nimekunywa uji, na ganzi iko palepale.

Alhamisi, 10 Julai

Nimechoka. Mchana miguu kama haipo, usiku inawaka, hata shuka siivumilii. Asubuhi mke wangu, Kabula, alinikanda kwa maji ya moto. Mimi sikusikia moto. Yeye ndiye aliyeona ngozi imeiva, akapiga kelele.

Jumapili, 13 Julai

Nimerudi kanisani kiatu kimelowa damu. Msumari umetoboa soli. Sijui ulianza kunichoma wapi, njiani au kwenye benchi. Mama anasema nimekanyaga, kwamba mtu ametega dawa njiani kwa sababu ya wivu wa lori. Anataka twende kwa mfumu, apige ramli. Kabula anataka hospitali. Mimi nataka kulala.

Jumanne, 22 Julai

Hospitali ya misheni. Walichemsha mkojo wangu na dawa ya bluu, ukageuka rangi ya matofali. Kisukari. Daktari akaniambia nifumbe macho, ananigusa nyayo kwa kipande cha pamba, nimwambie akigusa. Nikasubiri.

"Bado hujaanza?"

"Nimeshamaliza, baba."

Anasema sukari imekula mishipa ya fahamu. Iliyokufa imekufa, iliyobaki itunzwe. Vidonge. Chai bila sukari. Ugali kiasi. Nisitembee peku, nikague nyayo kila siku. Akauliza kazi yangu. Nikasema mkulima. Si uongo kamili. Huku nani si mkulima?

Ijumaa, 8 Agosti

Kwenye mteremko kabla ya daraja, ng'ombe waliingia barabarani. Nikakanyaga breki. Lori likaongeza mbio. Nikakanyaga zaidi, likazidi. Ndipo nikatazama chini nikauona mguu wangu umekaa kwenye pedali ya mafuta. Nikavuta breki ya mkono, nikakata kona kuingia shamba la mtama lililokwisha kuvunwa. Tukasimama.

Juu ya magunia walikuwepo akina mama na watoto wao. Wote wazima. Ng'ombe wazima. Masanja, mpakiaji wetu, alinikumbatia. "Umetuokoa, dereva!" Wote wakasema hivyo hivyo. Mama mmoja kanilazimisha nipokee kuku wa shukrani.

Kuku yuko uani. Siwezi hata kumtazama.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimemwambia Kabula ukweli. Aliendelea kupepeta mtama muda mrefu. Kisha akasema, "Watoto wa watu, baba Ngollo."

Basi. Akarudi kwenye ungo wake.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepeleka ufunguo wa lori kwa mwenyekiti wa kijiji. Akausukuma urudi upande wangu wa meza. Ghala limejaa, pamba imelala uwanjani, wilayani wanamuuliza kila mara.

"Kila mtu anaumwa miguu. Wewe ukikaa nyumbani nani ataendesha? Mimi?"

Akaongeza kuwa watu watasema nakwepa kazi ya kijiji. Sikubishana. Nilivua kiatu, nikaweka mguu kwenye kiti, nikamwambia anichome na kalamu mimi nikitazama dirishani. Nje watoto wa shule walikuwa wanapita na majembe. Nikawatazama mpaka wakaisha.

"Tayari?" nikauliza.

Nilipogeuka alikuwa anafuta wino kwenye unyayo wangu kwa kidole. Mwenyekiti mzima. Akachukua ufunguo, akautia mfukoni.

Naona aibu. Naona hasira. Zaidi ya yote naona usingizi.

Jumatano, 27 Agosti

Lori sasa ni la Masanja. Alishaendesha trekta la kijiji, kwa hiyo si mgeni. Nakaa kushoto kwake. Anakwangua gia, namwambia polepole. Pamba inaondoka. Jioni kilabuni mlevi mmoja ameniita kupe, mbele ya watu. Kupe, mimi. Nikaondoka na chupa yangu ya maji.

Jumapili, 19 Oktoba

Kila asubuhi ni ileile. Nakaa mlangoni penye mwanga, Kabula ananikagua nyayo, anakausha katikati ya vidole kwa kitambaa. Chai chungu. Michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, amenipunguzia, na mimi nimekulia michembe. Leo nimemtolea maneno mabaya. Akashika mguu wa pili.

Mchana Mama akaja na mtu wa kunichanja chale nyayoni. Kabula alisimama mlangoni, hakupisha.

"Mayu, mguu huu hausikii kidonda. Tukiuchanja, nani atatuambia umeoza?"

Mama alilia. Kisha akamrudisha yule mtu.

Jumanne, 3 Februari 1976

Vidonge vimekwisha hospitali. Vitakuja lini, hawajui. Mvua, mbuga yote tope, hakuna gari linalopita. Miguu inawaka. Sina la kuandika.

Alhamisi, 4 Machi

Vidonge vimepatikana. Kwenye kisigino cha kushoto kuna kidonda, kidogo kama punje ya mtama. Kabula kakiona kabla hakijawa kitu. Nimekatazwa kukanyaga mpaka kifunge. Nimekaa. Kukaa nako kunachosha.

Jumamosi, 12 Juni

Msimu umeanza. Masanja alipita asubuhi na lori tupu. "Mwangaluka, baba!" Gia zimemkubali.

Nilikwenda shambani na Kabula, katambuga miguuni, taratibu. Tukaanza kuchuma. Baada ya muda niliona pamba nyeupe kwenye vidole vyangu, na sikuisikia. Nikaiminya. Hakuna kitu. Nikajaribu mkono mwingine. Vilevile, ila kidogo.

Nilimwambia palepale. "Na mikono sasa."

Alikuja kwenye mstari wangu, akaigeuza mikono yangu akaitazama. Haikuwa na kitu cha kuona. Akarudi mstari wake. Mimi nikaendelea, kwa macho. Ukiangalia vizuri, pamba inatoka.

Pamba ya mwaka huu ni safi. Tulirudi jua bado halijawa kali.