Mpira kwenye Kifuniko cha Tangi

Ndugu yangu Kificho, Wanu mke wa Mmanga kafika hospitali, yu hai. Mtoto kafia tumboni njiani. Gari lilizima mara tatu.

Mara tatu. Na dereva ni Mmanga mwenyewe, yule asemaye hakuna injini ya kumshinda.

Lilizima kwanza baada ya kupita msitu wa Jozani. Akafungua kabureta, akaipuliza, likawaka. "Uchafu tu." Mbele kidogo likazima tena. Akasugua plagi, likawaka. Wanu nyuma analia, mamaake, Bi Mwanakheri, anasema, "Fanya hima, mwanangu." Naye anajibu, "Nnajua nnachofanya, mama."

Nnajua nnachofanya. Ndivyo alivyosema.

Mara ya tatu akafungua kifuniko cha tangi atazame petroli. Tangi likavuta hewa kwa nguvu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Gari likawaka papo hapo.

Ndipo akakumbuka. Mwanzo wa Ramadhani abiria walilalamika kuwa harufu ya petroli itawaharibia saumu. Akakata kipande cha mpira, akaziba nacho kitundu cha kupitishia hewa kwenye kifuniko cha tangi. Hewa isipoingia, petroli haishuki; kwenye safari za abiria, kusimama kila kituo kuliipa hewa nafasi ya kupenya, asijue. Kila alipohangaika na injini, hewa ilikuwa ikipenya kidogo kidogo, naye akadhani ni mikono yake.

Kanionesha huo mpira sasa hivi, hapa uani hospitali. Mara akatoka mkwewe.

"Gari lilikuwa na nini, baba?"

Mmanga akaufumba mkono. "Kudra ya Mungu, mama."

Bi Mwanakheri akaushika mkono ule ule uliofumbwa. "Mungu akulipe, mwanangu. Nimeona ulivyojitahidi."