Mifupa ya Msichana wa Kichina

Bibi, shikamoo kutoka Ibra, huku Omani, ambako jua limetufungia ndani mimi na mdogo wako, Bi Zuwena. Leo tumetazama filamu ya Kichina ya mizuka. Msichana aliyekufa ugenini alimtokea kijana mmoja, nywele zimemfika kiunoni, nami nikajificha nyuma ya mto. Bi Zuwena wala hakushtuka. Alikuwa akitoa kokwa za tende, akasema, "Unamwogopea nini, mjukuu wangu? Mtoto wa watu hataki kumla mtu. Anataka kurejeshwa kwao tu."

Kumbe kweli. Nikamweleza kuwa hadithi za kale za Kichina zina wengi kama huyo: mwanzo wanatisha, kisha wanaomba mifupa yao ikazikwe kwao. Kijana alipoifunga mifupa ile kwa kitambaa akashika njia, Bi Zuwena alilia hata kahawa ikampoa mkononi. Akajifuta kwa ncha ya leso yake ya Unguja, akaniambia, "Mwandikie dada yangu. Mifupa yangu na izikwe hapa hapa Ibra, wallahi sina neno. Lakini yeye aje mifupa yetu ingali na nyama, nimkumbatie."

Njoo, Bibi yangu. Kitanda chako ameshakitandika, ubavuni mwa chake.

Mjukuu wako akupendaye,
Raya