Pamba Nene Pembeni mwa Studio ya Mwanangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, tena wa haraka, maana daktari wangu ameacha kunidanganya na mimi nina neno ambalo sitaki kuondoka nalo. Nimepiga gitaa la besi tangu ujana na kufundisha fizikia sekondari, na mwanangu wa mwisho amegeuza chumba cha uani kuwa studio, akabandika sponji nyembamba ukuta mzima, na kila nilipopiga besi nota moja ilinguruma hadi vioo vikatetemeka na ya pili ikapotea kabisa, naye akaniambia kwa upole, "Mama, mikono imechoka, tumwite kijana apige," na mimi nikajua si mikono, ni chumba, kwa kuwa sauti nzito ina wimbi refu, hupita kwenye sponji ya unene wa kidole kana kwamba haipo na kwenda kujirundika pembeni, lakini kila nikimweleza anacheka, "Mama, hapa si darasani." Basi aliposafiri kwenda harusini nikamwita fundi seremala, tukazijaza pembe zote, sakafu hadi dari, kwa pamba ya mawe ile wanayotandaza darini kuzuia joto, nene kama mkono wangu toka kiwiko hadi vidoleni, tukaifunika kwa kitambaa cheusi, na mwanangu aliporudi nikamwambia nimeficha nyufa za ukuta. Mshauri, nilipiga nikiwa nimeegemea mito, na kila nota ikasimama peke yake, mwanangu akavua hedifoni, "Mama, umekula nini leo?" kisha akazipapasa spika zake mpya, "Si nilikwambia hizi si mchezo." Nilifurahi hadi nikasahau maumivu, nikanyamaza, na sasa wateja wanafurika, mwezi ujao anahamia jengo kubwa, na atabeba spika na kuacha pamba. Nimwambie, au nimwachie fahari yake?

Mama Besi

Mama Besi, shikamoo. Nakupa pole ya ugonjwa, hongera ya ushindi, na lawama kidogo, kwa sababu mwalimu mzima unashinda ubishi halafu unauficha nyuma ya kitambaa. Fahari gani hiyo unayomwachia? Jengo jipya litanguruma na wewe hutakuwepo kumweleza. Atalaumu spika, kisha wapigaji, kama alivyoilaumu mikono yako.

Usimhutubie. Mwite leo, fundi wako awepo, watoe pamba yote, nawe upige uzi mnene kuliko wote. Asikie. Wairudishe, upige nota ile ile. Hapo hana la kubisha. Kisha mwende nyote kwenye jengo jipya, hata kwa kiti cha magurudumu, wewe upige, yeye atembee akisikiliza besi inajirundika wapi, na hapo ndipo pajazwe pamba, nene kama mkono wako, si kama kidole.

Akiishika mikono yako kukuomba radhi, usiivute haraka. Mwache aishike mpaka atosheke. Halafu mpe nyundo, aanze na pembe ya kwanza.