Jarida Linalojitaja Lenyewe

Jumatatu, 4 Agosti
Likizo yangu imeliwa! Shangazi kanipa kazi ofisini kwake. Ni daktari wa figo, ila moyo wake uko kwenye jarida la utabibu analolihariri, mwaka wa kumi na moja huu. Natafuta makala zetu za miaka miwili zilitajwa mara ngapi mwaka jana kwenye makala nyingine, halafu nagawa kwa idadi ya makala. Ikitoka chini ya moja, chuo kinalifuta jarida kwenye orodha yake. Basi, kwisha.
Afadhali kompyuta. Haiulizi mbona niko kimya.

Jumatano, 6 Agosti
Makala 62. Zimetajwa mara 124. Mbili kamili! Nikapayuka kwa sauti. Shangazi alinikumbatia mbele ya mpiga chapa, nikatamani ardhi inimeze. Mpiga chapa akacheka, kumbe huyu ana ulimi, yeye alidhani mimi bubu.

Alhamisi, 7 Agosti
Fomu ya chuo ninayoijaza ina safu ya pili: hesabu ileile, ukitoa mara ambazo jarida limejitaja lenyewe. Nimerudia mara tatu. 71 ni zetu wenyewe! Zinabaki 53. Haifiki hata moja.
Na najua zilikotoka. Kila mwandishi anayekubaliwa hupewa barua: tafadhali ongeza marejeo matatu kutoka jarida letu. Likizo iliyopita nilizinyoosha Kiingereza barua hizo. Nikasifiwa. Sikujiuliza kitu — nilikuwa nawinda makosa ya nukta tu.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimemwambia Shangazi. Sauti ilitoka kama ya mbu. Hakugomba — bora angegomba. Akasema, mwanangu, jarida dogo lisipojitaja nani atalijua? Akanionyesha makala ya muuguzi mmoja kuhusu watoto wanaoharisha. Imetajwa mara moja tu, lakini wodi nne zimebadili namna ya kuwapa maji. "Hiyo utaiweka safu gani?"
Nimeisoma makala hiyo mara mbili.
Safu ya pili niiache wazi, kasema.

Jumatatu, 11 Agosti
Mkutubi wa chuo kafuata fomu. Kidole moja kwa moja penye nafasi tupu: hapa vipi? Shangazi, upesi: mtoto hakumaliza. Mtoto — mimi! Mkutubi akanigeukia kwa upole, si neno, malizia tu, sina haraka. Akavuta kiti.
Nikaomba kwenda chooni. Ndiko ninakoandikia.
Shangazi anagonga mlango. Taratibu. Anauliza kwa sauti ya chini: ulisema hamsini na tatu, eti?