Keki ya Laela

Jumatatu, 2 Juni

Upepo tangu alfajiri. Vidole ganzi. Nimefuma kwa mashine mikono minne ya sweta kabla ya chai. Uzi wa kijani hautafika mwisho wa wiki.

Jioni tumeendelea na filamu. Mimi nasimamisha, natafsiri, naandika kwenye daftari. Oresti anasoma nilichoandika kwa sauti yake ya kazini, ile nzito. Siku tano, dakika arobaini tu za filamu. Sijali. Miaka sita ya ndoa na hatujawahi kufanya kazi moja, meza moja, magoti yakigusana.

Filamu za Kihindi na Kichina ametafsiri nyingi kwenye banda la video nyuma ya soko, na hajui neno la Kihindi wala la Kichina. Anabuni. Watu wanampendea hilo. Safari hii yuko mtu nyumbani anayeijua lugha. Miaka minane jikoni kwa Mama Marika, Mholanzi, haikwenda bure. Kiholanzi changu ni cha sufuria na watoto, lakini kinatosha.

Flashi yenye filamu aliileta Lotte, binti wa Mama Marika, mwezi uliopita akielekea Kasanga. Alisema mama yake ameichagua mwenyewe, kwamba nitacheka mpaka nilie. Ni zawadi yangu. Nimemwazima Oresti.

Alhamisi, 5 Juni

Tumebishana. Si kwa ubaya.

Mwanamke wa kwenye filamu ni fundi baiskeli. Mwanamume ni daktari wa meno anayeogopa damu. Leo huyo dada kaenda kwa mama mkwe mtarajiwa. Mama mkwe kafungua kopo, kampa mgeni biskuti moja, kafunga kopo, kaliweka kabatini. Nilicheka nikashika tumbo. Kwa Mama Marika ilikuwa hivyo hivyo. Kahawa moja, biskuti moja, kopo kabatini. Alikuwa anajua na anajicheka mwenyewe.

Oresti hakucheka hata kidogo. Mgeni kupewa biskuti moja! Alisema watu watamsikitikia, watadhani hiyo nyumba ina njaa.

Halafu ile sehemu wanataka kubusiana. Kila mmoja anatoa kitabu chake cha ratiba. Jumanne siwezi. Alhamisi nina kikao. Wanapangiana wiki ijayo. Hapo tena nikacheka peke yangu.

"Wanamcheka nani?" akauliza.

"Wanajicheka wao."

"Hapa kwetu watu wanataka mtu wa kumcheka, Skola."

Tukaacha. Ugali wa ulezi na dagaa wa Kirando. Alinisifia dagaa.

Jumamosi, 7 Juni

Tumefika kwenye stesheni ya treni. Mvua. Dada amekaa kwenye benchi na boksi la keki mapajani. Treni inakuja, watu wanashuka, daktari hayumo. Inakuja nyingine. Dakika tatu nzima hakuna neno. Hata muziki hakuna.

Nimeandika kwenye daftari: KIMYA.

Oresti anaogopa kimya. Watu watapiga miluzi, anasema. Nikamwambia hii sehemu aiache ilivyo. Nikashindwa kueleza kwa nini. Akaniona uso, akaelewa, akanishika bega. Akasema sawa, ataiacha.

Anajua. Yeye tu ndiye anayejua. Sijawahi kuliandika. Leo naandika nilimalize.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Mchumba wangu alikuwa mnunuzi wa mahindi Laela. Barua ya posa ilishafika nyumbani na ilishajibiwa. Nilipanda basi kwenda kuonana na wazazi wake, keki nimeioka mwenyewe, nimeiweka kwenye ndoo ya bluu ya mama, ile yenye mfuniko. Alisema atanipokea stendi saa tatu. Nilikaa mpaka saa kumi. Dada yake ndiye aliyekuja. Alisema kaka yuko Tunduma kwa mwanamke ambaye tayari ana mimba yake, na kwamba nirudi kwetu. Sikuwa nimekula tangu asubuhi. Nikafungua ndoo, nikala keki kwa mkono, nalia, wauza mahindi ya kuchoma wananiangalia. Mmoja alicheka. Ndoo niliiacha pale pale.

Nyumbani nilisema nimemkataa mimi. Mama hajanisamehe. Mpaka leo anasema nilimwacha mtu mwenye ghala kwa sababu ya majivuno.

Oresti nilimwambia mwaka wa kwanza wa ndoa. Alilia. Kweli alilia.

Jumapili, 8 Juni

Misa ya kwanza. Baridi kanisani. Baada ya misa Oresti amebandika tangazo mlangoni mwa banda. Amechora baiskeli na jino. Chini ameandika: imetafsiriwa na Oresti na mkewe. Nimepita pale mara mbili bila sababu.

Jumamosi, 14 Juni

Sijui nianzie wapi.

Saa tisa alasiri. Banda lilijaa mpaka watu wakakaa chini. Nilikaa benchi la tatu na Edita, jirani yangu wa jumuiya. Oresti mbele na kipaza sauti, daftari letu mkononi.

Mwanzoni alisoma nilivyoandika. Biskuti ikafika. Kimya. Mzee mmoja akasema, "Maskini." Vitabu vya ratiba. Mtu akapiga mluzi. Niliona jasho shingoni mwa Oresti, na baridi yote hii. Akafunga daftari. Nilimwona akilifunga.

Kuanzia hapo akabuni. Daktari akawa mng'oa meno wa mnadani aliyetoroka na koleo. Banda likaamka. Sawa. Hata mimi nilitabasamu. Niliumia kidogo kwa ajili ya daftari, basi.

Ikafika stesheni. Nikasubiri kimya changu.

"Hapa ni stendi ya Laela," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Huyu dada katoka Sumbawanga na keki kwenye ndoo ya bluu. Anamsubiri mchumba, mnunuzi wa mahindi. Mchumba yuko Tunduma, analea mimba." Banda likalipuka. "Saa kumi hiyo. Njaa inauma. Dada anafungua ndoo, anakula posa yake kwa mkono."

Watu walipigana mabega. Edita alicheka mpaka akaniegemea, machozi yake yakalowesha sweta langu. Na mimi nikacheka. Nilifungua mdomo nikatoa sauti ili nisionekane.

Dakika tatu. Alizijaza zote.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda misa. Nilimsubiri arudi.

Alisema hakupanga. Ilimtoka tu. Aliona watu wanaanza kuinuka, akakosa la kusema, na lile ndilo lililokuja.

"Hakuna anayejua ni wewe," alisema. "Na walicheka, Skola. Hukusikia walivyocheka?"

"Nilisikia. Nilikuwa nimekaa katikati yao."

Akapiga magoti. Mwanamume mzima. Akaapa hatarudia, na kwamba nakala za kuuza atazirekodi kwa maneno ya daftari, stesheni ataiacha kimya. Nikasema basi sawa. Nimechoka. Nataka kumwamini. Nimemwamini.

Jumatano, 18 Juni

Dukani kwa uzi. Dada mmoja kwenye simu, anacheka: "Nitakuja saa nane, usinifanyie keki ya Laela."

Nimenunua uzi wa bluu badala ya kijani. Nimegundua nyumbani.

Jumamosi, 21 Juni

Edita amekuja na simu. Hakukaa. Alisema, "Skola, naomba usikilize hii, halafu uniambie siyo wewe."

Ni filamu. Nakala ya kuuza. Sauti ya Oresti. Stesheni haina kimya. Imeongezwa. Sasa dada anaongea. Anaongea kwa sauti nyembamba, polepole, na kila akimaliza sentensi anasema "basi sawa."

Mimi ndiye nasema basi sawa. Mtaa mzima unajua. Hata fundi wa mashine huniita hivyo.

Ameniigiza. Vizuri sana. Ana kipaji.

Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena, kwa sababu kulikuwa na kitu nyuma ya sauti. Mkwaruzo, unakwenda na kurudi. Ni mashine yangu ya kufumia. Alirekodi chumbani, mlango umefungwa, mimi niko sebuleni natengeneza masweta. Nikakumbuka siku. Jumatatu. Siku moja baada ya magoti. Aliniomba nisiingie kwa sababu anasoma daftari. Nilimpelekea chai nikaiweka mlangoni.

Edita alinitazama. Alisema, "Nilicheka, Skola. Pale bandani. Nilikuegemea."

Nikamwambia hakujua. Yeye hakujua.

Jumapili, 22 Juni

Nimemwuliza mara moja tu. Hakukana. Alisema wenye mabanda ya Namanyere na Kirando walimpigia wakitaka ile ya keki, siyo nyingine. Alisema kimya hakuna anayekinunua. Alisema Wazungu wenyewe wanajicheka, mimi mwenyewe nilimfundisha hivyo, sasa kwa nini siwezi kujicheka?

Hilo liliniuma kuliko sauti.

"Wao wanajicheka wenyewe," nilimwambia. "Mimi nimechekwa na wewe. Nilikuwa na siri moja tu maishani, Oresti. Nilikupa wewe."

Kwa mara ya kwanza hakuwa na la kubuni.

Nimefunga mashine kwenye blanketi. Nguo begi moja. Flashi nimeichomoa kwenye kompyuta yake. Daftari nimeliacha.

Nakwenda kwa mama. Naogopa mama kuliko ninavyomwogopa yeye.

Jumanne, 24 Juni

Kwa mama, njia ya Matai. Nimefika jana mchana. Nilimwamkia, akaitika, akanitengea maharage, hakuuliza mashine inafanya nini mgongoni mwa boda. Usiku nililala kama jiwe.

Leo asubuhi tulikuwa tunaanika ulezi. Akasema bila kuniangalia kwamba wanawake wa kwaya wana kichekesho kwenye simu. Walimsikilizisha Alhamisi.

Nikaacha kutandaza.

"Nilicheka na mimi," akasema. "Halafu yule anayesimulia akataja ndoo. Ya bluu, ya mfuniko. Nikasema, ngoja. Ulikuja ukaniambia ndoo imeibwa kwenye basi."

Nikapukuta ulezi mikononi.

"Kumbe ndoo yangu iliishia Laela."

Akakaa chini kwenye turubai, katikati ya ulezi. Akajifunika uso na kanga. Nilidhani amekasirika. Alikuwa analia. Alisema, "Miaka kumi na moja nakusema. Kila Krismasi nakusema. Kwa nini hukuniambia?"

Nikamwambia niliona aibu. Nikamwambia nilitaka nionekane mtu wa kukataa, siyo wa kukataliwa.

Akajipangusa machozi kwa pindo la kanga. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Keki uliimaliza yote?"

"Yote."

"Ilikuwa ya mayai mangapi?"

"Manane."

Akaanza kucheka ndani ya kanga, analia na kucheka. Nami nikacheka. Tumbo liliniuma. Mama alinishika mkono wakati wote. Sikuwa nimejua kwamba lile jambo linaweza kuchekwa na mimi nikabaki mzima. Oresti angeweza kunichekesha hivi sisi wawili mezani. Angeniuliza tu. Hakuniuliza.

Ijumaa, 27 Juni

Jua kali, upepo umepungua. Mwalimu wa shule ya hapa ameulizia masweta ya rangi ya damu ya mzee. Nimemwambia nitajaribu mawili kwanza.

Oresti amepiga simu saa nne asubuhi. Anasema amefuta kote alikoweza. Huenda ni kweli. Ameuliza nitarudi lini. Nimesema sijui. Ndivyo ilivyo, sijui. Nikimfikiria naona mgongo wake na mlango uliofungwa.

Akauliza awaambie nini watu wanaouliza niliko. Nikamwambia awaambie alichofanya.

"Nitajaribu," akasema.

Nikakata simu. Mama akauliza ni nani. Nikasema Oresti. Akanisogezea kigoda, tukaendelea kupukuchua mahindi mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia.