Nyanya Anatafutiwa Chumba

Jumapili, 7 Septemba

Naapa kuandika yote humu, pamoja na yale yanayonitia aibu. Nikianza kuchagua cha kuandika na cha kuficha, daftari hili halitakuwa na kazi.

Leo kama jana. Nimeng'oa swichi za jiko na kuzificha ndani ya buti langu la baridi. Nimemchana Nyanya nywele. Mara sita ameniuliza Babu yuko wapi, na mara sita nimemwambia Babu alifariki. Mara zote amelia upya. Mara ya saba nikasema yuko kazini. Akatulia. Sijui kama ni dhambi.

Tuko watatu katika nyumba hii ya Hallonbergen, Uswidi, ghorofa ya tano: Nyanya, Mama na mimi, Wakio. Mama ni mpishi wa shule Sundbyberg, hutoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Wasaidizi wa manispaa huja saa tatu kumwogesha Nyanya. Wana ufunguo, lakini Nyanya hufunga mnyororo kwa ndani na kuwaambia waende zao. Kwa hiyo mimi hubaki kuwafungulia. Shule inaanza saa mbili, mimi nafika saa nne. Hesabu imenipita wiki zote tangu tufungue. Mwalimu anadhani ni uvivu. Sijamwambia kitu.

Ugonjwa wa kusahau. Daktari ana jina refu zaidi, lakini hili linatosha.

Nyanya alikuwa mwalimu Taita kabla ya kumfuata Babu huku alikokuja kusoma. Baadaye alifundisha Kiswahili watoto wa watu wetu, kila Jumamosi, katika ukumbi mmoja kule Rågsved. Mimi pia ni mwanafunzi wake. Sentensi yangu ikiwa ndefu alikuwa anaikata. Siku hizi ikifika jioni hajui mimi ni nani.

Jumanne, 9 Septemba

Nyanya alipotea leo. Kwa saa nne nzima.

Nilimwacha na chai yake, nikaenda shule. Mama aliporudi akakuta mlango wazi. Nyanya alikuwa ametoka na sapatu, bila koti, na mkate mzima ndani ya mkoba. Alipanda treni hapa Hallonbergen, akabadilisha mjini, akafika Rågsved bila kukosea. Hilo ndilo linaloniumiza kichwa. Hajui choo kiko wapi, lakini treni anazijua.

Mama Esperance ndiye aliyemwona. Ni Mrundi, anakaa Rågsved, anasali nasi, na kazi yake ni kutunza wagonjwa katika makao ya wazee huko kusini. Alimkuta Nyanya amesimama mvuani mbele ya ukumbi, anagonga mlango, anasema watoto wamechelewa. Ukumbi ule ulifungwa miaka mingi iliyopita.

Mama amejifungia bafuni. Maji yamefunguliwa ili nisisikie. Nimesikia.

Jumatano, 10 Septemba

Mama ameomba nafasi ya Nyanya katika makao ya wazee. Alipiga simu akiwa amesimama, kama mtu anayeungama. Nyanya alipoanza kuugua, Mama alimwahidi hatampeleka. Kanisani wanasema mzazi hapelekwi, mzazi anatunzwa. Hao wanaosema hawajawahi kuja saa tatu asubuhi.

Nimefurahi, kisha nimejichukia.

Alhamisi, 18 Septemba

Afisa wa manispaa anakuja kesho kututazama. Kama mgonjwa ni mgonjwa wa kutosha, atapewa nafasi. Kama sivyo, basi.

Tumesafisha nyumba tangu saa tisa. Madirisha pia. Mama amekanda unga wa maandazi. Mgeni ni mgeni.

Ijumaa, 19 Septemba

Naandika nikiwa na hasira. Sijui ni kwa nani.

Mama alimwogesha Nyanya, akampaka mafuta, akamvalisha lile gauni la kitenge la zambarau na hereni. Tulificha karatasi za plastiki za godoro. Nikarudisha hata swichi za jiko, kwa sababu jiko bila swichi linaonekana vibaya.

Afisa ni mwanamke mpole, mrefu, mwenye sweta ya kijani. Nyanya alisimama mlangoni akampokea kwa mikono miwili. Akamuuliza habari za safari. Akamuuliza mama yake mzazi anaendeleaje. Akasifu skafu yake. Yote kwa Kiswidi safi. Ile adabu ya ualimu imebaki wakati vingine vyote vimeondoka. Ilichukua dakika arobaini, na hakuharibu hata neno moja.

Afisa akauliza usiku analala. Mama akasema analala vizuri tu. Akauliza anakula mwenyewe. Mama akasema ndiyo, tunasaidiana. Akauliza kama aliwahi kupotea. Mama akasema mara moja tu, alikwenda kumwona rafiki.

Niliketi pale na trei ya chai. Nikamsogezea maandazi.

Afisa alikula maandazi matatu. Alipoondoka Nyanya akaniuliza yule ni mke wa nani. Kisha akajikojolea kwenye kiti kizuri.

Jumatatu, 6 Oktoba

Barua imekuja. Wamekataa.

Wamesema bibi ni mchangamfu, anaishi katika mazingira mazuri, na familia inamudu. Wanaongeza muda wa wasaidizi wa nyumbani na kumpa king'ora cha kuvaa mkononi.

King'ora Nyanya amekivua kabla ya chakula cha jioni. Tumekikuta ndani ya sukari.

Mama amesema labda ni mapenzi ya Mungu. Amesema ataacha kazi. Anaipenda kazi ile. Wakati mwingine huja na mdundo wa wimbo kutoka jikoni kule, na ndiyo saa pekee ninayomsikia akiimba.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mama Esperance amekuja na ndizi na samaki wa kukaanga. Mama akampa barua aisome. Aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Mama Wakio! Mgonjwa munamuogesha, munamuvalisha kama bibi harusi, halafu munauliza kwa nini wamesema ni muzima?"

Mama hakucheka. Akamuuliza alitaka nini, amwache mama yake anuke mbele ya mgeni?

"Yule hakuwa mgeni, dada. Alikuja kupima. Ukienda kupimwa damu, unamupa daktari juisi?"

Mama akasema Wakenya hawaaibishi wazazi wao. Mama Esperance akasema Warundi pia hawaaibishi, lakini yeye ameona wengi kama sisi, Wakongo, Watanzania, wote sawa: mtu wa manispaa akibisha hodi, wanapika. "Na yeye anaandika alichokiona. Ameona sambusa."

"Maandazi," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia. Basi nikasema na mengine. Nilisema nafika shule saa nne kila siku. Nilisema nimefeli mtihani wa hesabu na karatasi iko chini ya godoro langu. Nilisema juzi Nyanya alinipiga kofi akidhani mimi ni mwizi, na kwamba sikusema kwa sababu Mama alikuwa amechoka.

Nilidhani Mama atanigombeza. Akaniuliza kofi lilikuwa upande gani. Nikamwonyesha. Akaweka mkono wake hapo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mama amempigia afisa. Amesema hakusema ukweli mara ya kwanza. Nilikuwa nimekaa karibu, nikamsikia akilitamka neno hilo, ukweli, kwa Kiswidi, mara mbili. Afisa atakuja tena wakati wa likizo fupi ya shule. Ametaka na mimi niwepo.

Jumanne, 28 Oktoba

Hatukusafisha.

Ni vigumu kuliko kusafisha. Mama aliamka akaokota kikombe sakafuni, akakirudisha sakafuni. Nyanya alikuwa na gauni la kulalia na sweta mbili, moja imegeuzwa. Uji ulikuwa umekauka kifuani. Hatukuufuta. Mkono wangu uliniwasha kutaka kuufuta.

Afisa aliingia, na Nyanya akamkaribisha kama siku ile. Nikajua atafanya tena, atang'aa tena, na sisi tutabaki hivi hivi.

Kisha Nyanya akasema mgeni hajapewa chai. Akamtazama Mama. Mama akakalia mikono yake. Kweli, aliiweka chini ya mapaja akaikalia.

Nyanya akainuka aende kuipika mwenyewe. Afisa akamfuata polepole mpaka jikoni, nami nikafuata. Nyanya alichukua birika la umeme akaliweka juu ya jiko. Akatafuta swichi ambazo hazipo. Akapapasa, akapapasa. Akafungua friji, akatoa maziwa, akayamimina ndani ya mkoba wa afisa uliokuwa mezani, kwa uangalifu, bila kumwaga tone pembeni. Akamwambia, "Karibu, mwanangu." Kisha akaniona akaniuliza kwa Kitaita kama nimetumwa na mwalimu mkuu, na kama anaweza kwenda nyumbani, maana kunakuchwa. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Nilitaka ardhi inimeze. Afisa akasema asante kwa chai. Hakuinua mkoba mpaka Nyanya alipoketi.

Halafu tulisema yote. Mama alisema ya usiku, ya choo, ya Rågsved. Afisa akanigeukia, akaniuliza asubuhi yangu ikoje, tangu kuamka. Nikamwambia. Nilisema na kofi. Nyanya alikuwa hapo hapo, ananitazama kwa upole kama mtu anayesikiliza habari za familia nyingine. Nilijiona msaliti.

Mama alimpa afisa mkoba wake wa Jumapili abebee karatasi zake zilizolowa. Hakuweza kujizuia. Akataka kumpa na mkate. Nikamkanyaga mguu.

Ijumaa, 14 Novemba

Wamekubali!

Mama ameisoma barua mara tatu, mara ya tatu kwa sauti. Imeandikwa humo kila kitu: maziwa, sapatu, mimi. Amesema hajawahi kusoma mambo ya aibu hivyo juu ya nyumba yetu. Amesema ni barua nzuri. Kisha amecheka, mimi nikacheka, na Nyanya naye akacheka kwa kuwa tunacheka.

Tumepewa chumba katika makao ambayo ni safari ya basi kutoka hapa. Tuna siku chache za kujibu ndiyo au hapana. Tumealikwa kwenda kuyaona Jumatano saa nane mchana.

Jumanne, 18 Novemba

Mama Esperance amesema tusingoje Jumatano. "Nendeni bila kualikwa, saa ya chakula. Na wao pia wanajua kupamba nyumba."

Basi tumekwenda leo, saa kumi na moja jioni. Mama alikuwa na wasiwasi. Kwenda kwa watu bila taarifa na wao wanakula! Alivaa viatu vizuri ili kufidia.

Niliandika maswali kumi na mawili kwenye simu. Nimeuliza mawili tu. Mengine nimeyaona kwa macho.

Harufu: viazi, dawa ya sakafu, na kidogo mkojo. Mama alisema kama kusingekuwa na harufu kabisa angeogopa. Mlango unafunguka kwa namba. Mzee mmoja alikuwa anapiga kelele kwamba ameibiwa saa, na saa iko mkononi. Supu ilikuwa imemwagika chini na bado haijafutwa. Nilitazama kwa makusudi nione nani atakasirika. Hakuna aliyekasirika. Mfanyakazi mmoja alizunguka dimbwi lile, akaenda kwanza kwa yule mama aliyemwaga, akamfuta mikono, akaja kufuta sakafu baadaye. Mwingine alikuwa amekaa mezani na wazee, anakula chakula kile kile, taratibu, kijiko kwa kijiko, ili wamwige.

Hawakututarajia, na hawakutuficha kitu.

Nimeuliza: hakuna anayejua Kiswahili. Hilo ni baya, na nimeahidi kuandika mabaya pia. Nikauliza swali langu la pili: mtakuwa mnamwitaje? Yule aliyefuta supu akajibu, anapenda kuitwaje? Nikasema Mwalimu. Akalirudia mpaka akalipata, akaliandika kwenye mkono wake kwa kalamu.

Kwenye basi Mama alisema, "Kesho hatuna haja ya kurudi." Nikasema ndiyo. Tulipofika Hallonbergen aliijibu barua: ndiyo.

Jumatatu, 1 Desemba

Nyanya amehama. Mama aliomba likizo, nami nikaomba ruhusa shuleni. Safari hii nilimweleza mwalimu wa hesabu sababu, tangu mwanzo. Aliona haya. Amesema tutafidia pamoja kila Alhamisi.

Tulipeleka kitanda chake, shuka zake za maua, Biblia na picha ya Babu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Nyanya aliingia, akapitisha kidole juu ya dirisha kutazama vumbi, akabonyeza godoro. Akasema bweni hili ni safi. Akauliza nani yuko zamu. Yule wa supu akasema, "Mimi, Mwalimu." Nyanya akamwambia arekebishe kola yake.

Mama alimwomba msamaha kwa Kitaita, wakiwa wameshikana mikono. Sijui maneno yote. Nyanya akamwambia, "Nenda, utachelewa." Sijui alidhani anaongea na nani.

Mama amelia kwenye lifti. Mimi sikulia. Nilijaribu.

Jumapili, 7 Desemba

Tumemtembelea baada ya ibada. Amekula. Amenenepa kidogo mashavuni, au natamani iwe hivyo. Hakujua jina langu lakini alinishika mkono saa nzima, na mara moja alinipiga kidogo mgongoni nikae wima.

Wiki hii nimefika shule saa mbili, siku zote nne zilizobaki. Nimelala mpaka asubuhi bila kusikiliza mlango. Nilikuwa nimesahau kwamba usingizi unafika chini hivyo.

Nyumba ni kimya. Mama anapiga pasi nguo za kazi chumbani na haimbi, lakini pia hajafungua maji ya bafuni. Kuna jambo nimetaka kumuuliza tangu Jumatatu, na kila nikifungua mdomo nauliza habari ya chakula. Nimeliandika kwenye karatasi, nimeiweka ndani ya kiatu chake cha kazini atakachovaa alfajiri. Nimemwachia na kalamu. Nikitoka shule kesho nataka nikute jibu, hata neno moja:

Mama, na wewe umefurahi, au ni mimi peke yangu?