Nubu wa Chumba cha Juu

Chumba cha juu,
Nyumba ya msusi,
Jumatatu, 9 Juni.

Mpendwa mume mwenzangu,

Hujambo huko uliko? Baridi imekukondesha, au mashavu bado yapo? Sisi wazima. Mke wetu, yaani bibi yako, goti linamsumbua kidogo ila mdomo uko imara. Mimi nadunda.

Nina jambo linaniwasha. Fundi simu ataipiga picha barua hii akutumie, ikufikie kabla ya Jumamosi. Siku hiyo timu yako ya mchezo wa mtandaoni inakutana na timu ya huku kwetu. Nimeliona jina lako kwenye orodha, Radi, lile nililokupa mwenyewe ulipokuwa unavunja vikombe. Sasa, timu yetu ina mzee mmoja. Mzee huyo ni babu yako.

Usicheke kwanza. Nilishuka saluni kwa msusi kukwepa kuosha vyombo. Nikamkuta yeye na fundi simu wameinamia simu, wanarushiana maneno nisiyoyajua. Nikadhani ni matusi, nikavuta kiti.

Kumbe ni lugha. Nubu ni mgeni wa mchezo. Lilikuwa neno la Kiingereza la mtu mpya, likakatwakatwa njiani. Lagi ni mtandao kujikokota, nacho ndicho kisingizio cha kila anayepigwa. Afk ni kwamba umeondoka kwenye kibodi. Hakuna mwenye kibodi pale, wote wana simu, lakini wamelirithi kwa waliocheza zamani kwenye kompyuta na hawaliachi. Gg ni kusema mchezo ulikuwa mzuri. Huandikwa mwishoni, hata na aliyechapwa, huku anasaga meno.

Nikawauliza kwa nini wasiseme kama watu.

“Babu,” msusi akanijibu, “vidole vya kuandika ndivyo hivyo hivyo vya kupiga risasi. Ukirefusha, unakufa.”

Nikampuuza. Mimi nimejenga nyumba maisha yangu yote, vidole vyangu vinajua mwiko na tofali. Nikajiunga nao, na mechi ya kwanza haja ikanibana. Badala ya afk nikaandika: “Samahanini wenzangu, naomba udhuru kidogo, nakwenda msalani.” Sijafika msalani, mle mchezoni nilishalala chini, na fundi simu kando yangu, maskini, alikuwa ananilinda. Wakaniita nubu mpaka nikaanza kuitika.

Vichapo vilipozidi, msusi akaniambia mechi ya jana ndiyo itakayoamua. Nikiwaponza tena, nafasi yangu ya Jumamosi anapewa muuza magazeti. Roho iliniuma. Sijakuona tangu uondoke, na humo mchezoni ningekupata uso kwa uso, hata kama uso wenyewe ni wa kuchorwa.

Basi jana tukavamia ngome ya watu. Nikasukuma mlango, nikawakuta wamejaa, bunduki zimenielekea. Lakini mtu haingii nyumba ya watu kimya kama mwizi. Mkono ukaandika wenyewe: “Hamjambo wajukuu zangu.”

Bunduki zikashuka. Mmoja akaandika, “Shikamoo babu.” Wa pili naye shikamoo. Ngome nzima ikaacha vita ikaanza kuandika, watoto waliolelewa wakaleleka, na msusi akapita nyuma yao akawafagia kama nywele za sakafuni. Marahaba niliwaitikia wakiwa wameshalala.

Msusi alicheka mpaka kitana kikamdondoka. “Wewe babu usipige tena risasi. Wewe salimia tu.” Muuza magazeti amenuna. Nafasi ni yangu.

Wenzangu wamenikataza nisikwambie. Nimekwambia, usije ukasema nilikuvizia. Jumamosi ukimwona mtu anaitwa Kifusi mlangoni kwako, ndiye mimi. Nitakujulia hali kwa heshima zote. Ukiitika, msusi yuko nyuma yako. Usipoitika, bibi yako amekaa pembeni yangu na miwani yake, anasoma kila kitu.

Nisalimie shangazi yako, na binamu yako aliyeota ndevu kabla ya akili. Huku dada yako anakusalimu; yeye anaombea timu yako, msaliti yule. Mungu akulinde na kila risasi isiyotoka kwetu.

Wako akupendaye, isipokuwa Jumamosi wakati wa mechi,

Babu yako,
Kifusi.